Umeshinda bahati nasibu Marekani? Asilimia 24 iliyokatwa si mwisho wa kodi

Mwongozo huu nauandika kwa ajili yako unayeishi Marekani na kununua tiketi ya bahati nasibu mara moja moja, pengine unapopita kuweka mafuta ukitoka zamu ya usiku. Iwe ni tiketi ya kukwangua ya dola 5, Powerball au Mega Millions, sheria ya kodi ya serikali kuu ni ile ile. Unamhusu pia mzazi aliyekuja kuwatembelea wanawe na mwanafunzi mwenye viza, ila wao wana utaratibu wao, nao nimeutengea sehemu yake.

Nina neno moja kubwa la kukuambia. Wengi wetu tumekulia Kenya au Tanzania, ambako kampuni hukata kodi ya ushindi kabla ya kukulipa, na ikishakata hakuna anayekufuata tena. Marekani sivyo. Ofisi ya bahati nasibu inapokata asilimia 24 na kukukabidhi hundi, kilichokatwa ni malipo ya awali tu. Kodi yenyewe hupigwa mwaka ukiisha, kwenye ritani yako, baada ya ushindi kujumlishwa na mshahara na mapato yako mengine yote. Watu huumia katika muda uliopo kati ya siku ya hundi na Aprili 15. Fedha imeshatumwa nyumbani, kiwanja kimeshanunuliwa, ada za wapwa zimeshalipwa, kisha ritani inaonyesha deni la makumi ya maelfu ya dola.

Kwa nini ushindi unatozwa kodi

Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani, kila fedha inayokuingia ni mapato yanayotozwa kodi, isipokuwa ile ambayo sheria yenyewe imeitaja kuwa imesamehewa. Ushindi wa bahati nasibu haukusamehewa. Unahesabiwa pamoja na mshahara wako, kwa viwango vile vile. Nafuu ni moja: hautozwi makato ya Social Security na Medicare, ambayo kwenye mshahara huchukua asilimia 7.65.

Ndugu yako aliyeko London au Toronto akikuambia kwamba kwao mshindi halipi kitu, hakudanganyi. Uingereza na Kanada hazitozi kodi zawadi ya bahati nasibu. Hutoza kile kitakachozaliwa na fedha hiyo baadaye, kama riba au kodi ya pango. Lakini sheria ya kwao haikufuati wewe uliyenunua tiketi Marekani.

Viwango hupanda kwa ngazi. Kwa mtu anayefaili peke yake katika mwaka wa kodi 2025, dola 11,925 za kwanza za mapato yanayotozwa hulipiwa asilimia 10. Zinazofuata hadi 48,475 hulipiwa asilimia 12. Hadi 103,350 ni asilimia 22. Hadi 197,300 ni 24. Hadi 250,525 ni 32. Hadi 626,350 ni 35. Na kilichozidi hapo ni asilimia 37. Kuingia ngazi ya juu hakupandishi kodi ya ngazi za chini. Kila kipande cha mapato hulipiwa kwa kiwango chake. Mipaka ya ngazi husogezwa kila mwaka, basi ukifanya hesabu tumia ya mwaka ulioshinda.

Ofisi ya bahati nasibu haijui unapata mshahara kiasi gani, una mke au mume, wala una watoto wangapi. Ndiyo maana inakata asilimia 24 kwa kila mtu, pale ushindi ukishatolewa bei ya tiketi unapozidi dola 5,000. Ushindi usiozidi hapo kwa kawaida haukatwi chochote. Kutokatwa si kusamehewa: hata dola 300 ulizolipwa taslimu dukani ni mapato na zinatakiwa kuonekana kwenye ritani, uwe umepewa fomu au hukupewa.

KISANDUKU: Hesabu ya mtu mmoja

Tuseme ni dada asiyeolewa, hana mtegemezi, anahudumia wazee Houston kwa mshahara wa dola 45,000 kwa mwaka. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo. Punguzo la kawaida la mwaka 2025 kwa mtu kama yeye ni dola 15,750. Bila ushindi wowote, kodi yake ya mwaka ni takriban dola 3,272, na makato ya mshahara yanaitosheleza.

• Akishinda dola 4,000: hakatwi kitu. Kodi inayoongezeka ni dola 480, naye atadaiwa zote wakati wa ritani.

• Akishinda dola 100,000: anakatwa 24,000. Kodi inayoongezeka ni takriban 20,596. Atarudishiwa kama dola 3,400.

• Akishinda dola 1,000,000: anakatwa 240,000. Kodi inayoongezeka ni takriban 334,571. Anadaiwa bado dola 94,571.

Mstari wa mwisho usomwe mara mbili. Dada huyu ametoka ofisini na dola 760,000, na kila anayemzunguka anaamini kodi imekwisha. Kumbe karibu dola 95,000 kati ya hizo si zake. Anazishikilia tu hadi Aprili. Mstari wa katikati nao una funzo lake. Kwa ushindi wa wastani, asilimia 24 inaweza kuzidi kodi halisi, na asiyefaili ritani anaiachia serikali fedha yake mwenyewe.

Kodi ya jimbo

Juu ya hayo kuna jimbo. Texas, Florida, Tennessee, Washington, South Dakota, Wyoming na New Hampshire hazitozi ushindi wa bahati nasibu. California hutoza mapato ya kawaida kwa viwango vikubwa lakini imesamehe ushindi wa tiketi za bahati nasibu ya jimbo lake. Pennsylvania hutoza asilimia 3.07 kwa kila mtu. Jimbo la New York lina viwango vinavyofika asilimia 10.9, na mkaazi wa Jiji la New York anaongezewa kodi ya jiji inayofika asilimia 3.876.

Jambo linalosahaulika: jimbo ulikonunua tiketi linaweza kukutoza hata kama huishi huko. Dereva wa lori anayeishi jimbo moja na kununua tiketi jimbo la pili huenda akahitaji kufaili ritani za majimbo mawili. Kwa kawaida jimbo lake la nyumbani humpunguzia kile alicholipa kule, lakini lazima adai punguzo hilo mwenyewe kwenye ritani.

Hatua za kufuata tangu siku unapoona namba zako

1. Andika jina lako na utie saini nyuma ya tiketi. Tiketi isiyo na saini anaweza kuidai yeyote aliyeishika. Ipige picha pande zote mbili, uiweke mahali salama, kisha usome tarehe ya mwisho ya kudai. Majimbo mengine hutoa siku 180, mengine mwaka mzima.

2. Kabla ya kwenda kudai, jibu swali hili kwa ukweli: tiketi ni ya nani? Ni yako peke yako, au mliichangia? Kubadilisha jibu baada ya kulipwa ni kazi ngumu na ya gharama. Sehemu inayofuata inaeleza.

3. Peleka namba yako sahihi ya Social Security, au namba ya mlipakodi iitwayo ITIN kama huna ya kwanza. Asiyetoa namba anaweza kukatwa asilimia 24 hata kwenye ushindi ambao kwa kawaida haukatwi.

4. Chukua fomu W-2G na uisome papo hapo. Kisanduku cha 1 kinaonyesha ushindi, cha 4 kinaonyesha kodi ya serikali kuu iliyokatwa. Hakikisha jina na namba ni zako. Nakala ya fomu hiyo inakwenda IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, kwa hiyo ukiuacha ushindi nje ya ritani, kompyuta yao itaona pengo bila hata kukutembelea.

5. Siku ile ile hundi inapoingia benki, fungua akaunti ya pembeni ya akiba na uweke humo fedha ya kodi. Kwa ushindi mkubwa, kiwango salama ni asilimia 13 ya ushindi wote, kwa sababu 37 ukitoa 24 unabaki na 13, pamoja na kodi ya jimbo lako. Kwa dola milioni moja hiyo ni 130,000 kabla ya jimbo. Ni zaidi ya deni halisi la yule dada, na ziada itabaki kuwa yake. Kwa ushindi mdogo ambao haukukatwa kitu, weka pembeni robo yake. Naomba hatua hii usiiruke hata kama hospitali ya mama inasubiri. Tuma kilichobaki, si kilicho cha kodi.

6. Uliza kama unatakiwa kulipa kodi ya makadirio kabla ya mwaka kuisha. Malipo haya huenda na fomu 1040-ES, na tarehe zake ni Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Kwa kawaida huadhibiwi kwa kuchelewa kama makato yako ya mwaka huu yamefika kodi yote ya mwaka jana, au asilimia 110 yake kama mapato yako ya mwaka jana yalizidi dola 150,000. Yule dada wa Houston ameshakatwa 240,000, na kodi yake ya mwaka jana ilikuwa elfu chache tu; hana adhabu ya makadirio. Lakini deni la 94,571 linamsubiri Aprili 15 kama lilivyo. Aliyeshinda mara kadhaa dola 3,000 au 4,000 bila kukatwa kitu ndiye hasa anayepaswa kuzifuatilia tarehe hizi.

7. Faili ritani kwa wakati, hata kama huna fedha yote. Adhabu ya kutofaili ni asilimia 5 ya deni kwa mwezi, hadi asilimia 25. Adhabu ya kuchelewa kulipa ni nusu ya asilimia moja kwa mwezi, pamoja na riba. Tofauti hiyo ni kubwa, na anayejificha kwa sababu hana fedha huchagua adhabu iliyo nzito. Fomu 4868 inakupa hadi Oktoba 15 kuwasilisha ritani, lakini haisogezi siku ya kulipa. Ukishindwa kulipa kwa mkupuo, omba IRS mpango wa kulipa kwa awamu.

Aliyeshinda jekpoti ana uamuzi mmoja zaidi. Kiasi kinachotangazwa ni jumla ya malipo ya miaka mingi: kwa Powerball na Mega Millions, malipo 30 yanayoongezeka asilimia 5 kila mwaka. Anayetaka fedha yote mara moja hupata pungufu sana. Jekpoti ya Powerball ya Novemba 2022 ilitangazwa kuwa dola bilioni 2.04, ilhali fedha taslimu ilikuwa milioni 997.6. Ukichukua kwa mkupuo, kodi yote inaangukia mwaka mmoja. Ukichukua kwa miaka, kila malipo hutozwa kwa viwango vya mwaka wake. Katika ngazi hii usisaini chochote kabla ya kukaa na wakili na mhasibu.

Tiketi mliyochangia

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi kwa jamii zetu, kwa sababu tumezoea kuchangiana na kuaminiana bila karatasi. Watu watano kazini wanatoa dola 10 kila mmoja, mmoja anakwenda kununua. Namba zikitoka, yule mmoja anakwenda kudai kwa jina lake "ili kurahisisha", halafu anawagawia wenzake. Machoni pa IRS yeye ndiye aliyepata fedha yote. W-2G ina namba yake, kodi yote iko juu yake, na kile alichowapa wenzake kinaonekana kama zawadi.

Njia iliyo sawa ni fomu 5754. Anayepokea ushindi kwa niaba ya kikundi huijaza kwa majina, anwani, namba na fungu la kila mmoja, naye mlipaji hutoa W-2G tofauti kwa kila mtu. Kila mmoja analipa kodi ya fungu lake kwa ngazi zake mwenyewe. Ushindi wa milioni moja uliogawanywa kwa watu watano wenye mishahara ya kawaida hutozwa kidogo kuliko milioni ile ile ikiwa juu ya mtu mmoja.

Makubaliano yawepo kabla ya droo. Yaandikwe kama mnavyoandika daftari la chama au upatu: majina, kiasi alichotoa kila mmoja, fungu la kila mmoja, nani ananunua na tarehe ya droo. Piga picha karatasi hiyo pamoja na tiketi, uitume kwenye kundi lenu la WhatsApp ili kila mmoja awe na nakala yenye tarehe. Na nakusihi, usikubali kutunga makubaliano baada ya kushinda ili kupunguza kodi. Huko ni kudanganya serikali, na si adhabu ya fedha peke yake inayokungoja.

Ndugu, nyumbani na sadaka

Ukishinda, simu zitaita kutoka Kisumu hadi Mbeya, na nyingi zitakuwa na shida ya kweli. Kumsaidia ndugu ni heshima. Fahamu tu jinsi kodi inavyoutazama msaada huo.

Kugawa fedha hakupunguzi kodi yako ya mapato. Ukishinda milioni moja na kumpa kaka yako laki tatu, kodi ya milioni yote bado ni yako. Kaka hatozwi na Marekani kwa kupokea. Kuna pia kodi ya zawadi, ambayo humhusu mtoaji: mwaka 2025 na 2026 unaweza kumpa kila mtu hadi dola 19,000 kwa mwaka bila kuripoti. Ukizidisha kwa mtu mmoja, unajaza fomu 709. Usiiogope fomu hiyo. Haidai fedha mpaka utakapomaliza kiwango cha maisha yako yote, ambacho kwa mwaka 2026 ni dola milioni 15. Kosa ni kutoijaza.

Baba na mama walioko Mwanza au Goma, hata kama unawalisha wewe, hawahesabiwi kuwa wategemezi kwenye ritani ya Marekani ikiwa si raia wala wakaazi wa nchi hiyo, na fedha unayowatumia haipunguzwi. Sadaka kwa kanisa au msikiti wa kijijini nayo kwa kawaida haipunguzwi, kwa kuwa taasisi hiyo ni ya nje. Kanisa, msikiti au shirika la hisani lililosajiliwa Marekani linakubalika, ili mradi una stakabadhi na, kwa sadaka kubwa, unaorodhesha makato yako badala ya kuchukua punguzo la kawaida. Kwa mwaka ulioshinda fedha nyingi, kuorodhesha kunaweza kuwa na faida kuliko miaka yako mingine.

Tangu Januari 1, 2026, kuna kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje ya nchi pale mtumaji anapolipa kwa fedha taslimu, hawala ya fedha au hundi ya benki. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki au kwa kadi ya benki iliyotolewa Marekani haguswi. Kwa hiyo acha kubeba noti hadi kwa wakala. Tuma kutoka benki.

Ukihamishia fedha kwenye akaunti ya Nairobi au Dar es Salaam, kuna wajibu ambao wengi hawajawahi kuusikia. Akaunti zako zote za nje zikijumlishwa na kuzidi dola 10,000 hata kwa siku moja ya mwaka, unatakiwa kuwasilisha taarifa iitwayo FBAR, fomu 114 ya FinCEN, kwa njia ya intaneti. Haitozi chochote, ila faini ya kuipuuza ni kubwa. Akaunti uliyofungua pamoja na dada yako inahesabiwa, na ile ambayo ni ya mama lakini wewe una mamlaka ya kuisaini inahesabiwa pia. Nyumba iliyo kwa jina lako mwenyewe haiingii kwenye taarifa hiyo, lakini kodi ya pango unayopokea kutoka kwa wapangaji wa Ruaka au Kigamboni ni mapato yako Marekani.

Kama wewe ni mgeni wa viza

Mtu asiye mkaazi kwa macho ya sheria ya kodi hukatwa asilimia 30 ya ushindi wote, na hupewa fomu 1042-S badala ya W-2G. Hana ngazi wala punguzo la hasara za tiketi nyingine. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani unaoweza kushusha kiwango hicho. Ritani yake ni 1040-NR.

Ukaazi wa kodi si sawa na ukaazi wa uhamiaji. Mwenye grini kadi ni mkaazi. Asiye nayo anaweza kuwa mkaazi kwa hesabu ya siku alizokaa nchini ndani ya miaka mitatu. Mwanafunzi wa viza ya F-1 kwa kawaida hahesabiwi siku zake katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda, hivyo mara nyingi si mkaazi hata kama amekaa miaka minne mfululizo. Mama aliyekuja kwa miezi mitatu kulea mjukuu na akakwangua tiketi ya bahati naye yumo kundi hili. Usidai ushindi wake kwa jina lako ili akatwe kidogo. Ukifanya hivyo unasaini tamko la uongo, na kodi inakuwa yako.

TAHADHARI: Misaada ya serikali

Ushindi wa mara moja unaofika takriban dola 4,500 unaweza kuiondoa familia nzima kwenye msaada wa chakula wa SNAP. Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, huhesabu ushindi kama mapato, na ukifika dola 80,000 unahesabiwa kwa miezi kadhaa mfululizo. Kama unapata ruzuku ya bima ya afya kupitia soko la bima, ruzuku ya mwaka mzima hupimwa upya kwa mapato mapya na unaweza kutakiwa kuirudisha. Toa taarifa mara moja, usingoje wagundue. Tena, mwenye malimbikizo ya fedha ya matunzo ya mtoto, katika majimbo mengi deni hilo hukatwa kwenye ushindi kabla hajalipwa.

Makosa yanayojirudia

Kuripoti faida badala ya ushindi. Mtu ameshinda dola 4,000 kwa mwaka na kupoteza 3,000 kwa tiketi nyingine, anaandika 1,000. Sivyo. Anaandika 4,000 zote, kisha hasara huwekwa sehemu ya makato yanayoorodheshwa, na kamwe haiwezi kuzidi ushindi. Kuanzia mwaka wa kodi 2026, ni asilimia 90 tu ya hasara inayokubalika. Anayechukua punguzo la kawaida, kama tulivyo wengi, hapati lolote kwa hasara zake. Kama unaorodhesha, tunza tiketi zilizoshindwa na daftari lenye tarehe, mahali na kiasi. Tiketi zilizookotwa chini dukani si ushahidi.

Kumpa rafiki tiketi akadai kwa niaba yako kwa sababu wewe una deni au huna karatasi. Fedha ikiwa kwa jina lake ni yake, na kodi ni yake. Urafiki huo hautapona.

Kudhani kwamba gari si fedha. Zawadi ya gari hutozwa kodi kwa thamani yake sokoni, na kodi hiyo hulipwa kwa fedha. Usipokuwa nayo, heri kuikataa au kuiuza.

Ujumbe unaodai "lipa kodi kwanza"

Ukipokea ujumbe, au ndugu yako wa Tanga akapokea, kwamba ameshinda bahati nasibu ya Marekani na atume kodi au ada ili aachiliwe fedha, huo ni wizi. Hakuna kingine ndani yake. Bahati nasibu halali hukata kodi kwenye ushindi wenyewe. Haikuombi kutanguliza senti. Hushindi droo ambayo hukununua tiketi. IRS huanza kwa barua ya posta, na haidai kulipwa kwa kadi za zawadi wala kwa kutuma fedha kwa mtu binafsi. Waambie wazee nyumbani maneno haya kwa simu, kwa sauti yako, kwa sababu wao ndio wanaolengwa na jina la Marekani bado lina uzito kwao.

Kabla ya kwenda kwa mtayarishaji wa ritani, kusanya haya

☐ W-2G zote, au 1042-S
☐ W-2 ya mshahara na fomu za mapato mengine
☐ Nakala ya fomu 5754 na makubaliano ya kikundi
☐ Stakabadhi za sadaka za Marekani
☐ Orodha ya zawadi ulizotoa: nani, lini, kiasi gani
☐ Taarifa za akaunti za nje, zikionyesha salio la juu kabisa la mwaka
☐ Uthibitisho wa malipo ya makadirio uliyofanya
☐ Ritani ya mwaka uliopita

Kwa ushindi wa maelfu machache, mtayarishaji wa kawaida aliye makini anatosha. Kwa laki na kuendelea, tafuta mhasibu aliyesajiliwa au wakala aliyeidhinishwa na IRS. Kila anayelipwa kutayarisha ritani lazima awe na namba ya mtayarishaji iitwayo PTIN na atie saini kwenye ritani. Akikuambia utasaini wewe peke yako, au kwamba marejesho yatapitia akaunti yake, au akitaka malipo kwa asilimia ya marejesho, chukua karatasi zako uondoke, hata kama mnasali pamoja. Na kama Kiingereza cha kodi kinakuzidi, ukiwapigia IRS wenyewe unaweza kuomba mkalimani wa simu bila malipo. Sema "Swahili" mwanzoni mwa mazungumzo na usubiri akiunganishwa.